Vidoa Alivyodhani ni Vumbi

"Nyota zipo kila usiku, mzee. Rudi ukazipige picha upya."

Hayo kaniambia mwenye studio leo asubuhi, hapa Ifakara, bila hata kuinua uso.

Nilimpelekea mkanda wa picha za likizo yetu ya mtoni, Kivukoni. Kasafisha picha za mchana tu. Negativu za usiku kaziona tupu, zina vidoa vidogo. Akadhani ni vumbi, akazikata, akazitupa.

Hoja gani hiyo! Nyota zipo, sikatai. Lakini chini yake alikaa mama yangu, chemli ikimmulika, katulia dakika nzima kwa sababu nilimwomba asitikisike.

"Hata kukohoa nisikohoe, baba?" aliniuliza, tukacheka.

Tumemzika Jumapili.

Nilipomweleza, mwenye studio akainua uso. Akaenda uani kupekua. Akarudi na mikono imejaa majivu.

"Nisamehe, mzee. Taka tulishazichoma."

Nilikuwa na maneno makali ya siku nzima. Nikayaacha, nikachukua picha za mchana, nikaondoka.

Sasa nawaambia ninyi wenye studio, kuanzia Viwanja Sitini hadi Mlimba: mkanda ni mali ya mteja. Mrudishieni wote, hata kipande mnachokiona hakina kitu.