Zima Injini Ndipo Usalimiwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja wa Kasulu, Rubani Mkuu alinishika bega akanisogeza mbele ya ndege yetu ndogo ya injini moja. Alikuwa mzee wa Tanga, sauti kama ya mtu mwenye mafua. "Unaona nini?" Nikamwambia naona propela, yaani yale mapanga ya mbele yanayoivuta ndege. Akanirudisha nyuma, akampa fundi ishara, injini ikanguruma. "Sasa je?" Sikuona kitu, hewa tupu. "Basi hewa hiyo ndiyo itakayowakata watu wako," akasema. "Nyie Waha mnapenda mno kusalimiana."

Nilikasirika. Kijana wa Makere, nimetoka kusomea urubani, kazi naanza kwa kutukaniwa kabila! Lakini mzee alikuwa amesema kweli. Kwetu mgeni hangojewi mlangoni. Anafuatwa njiani, watu wanapiga makofi ya taratibu, wanainama, "Mwakeye, mwakeye," kabla hajatua mzigo. Ukisimama kumngojea umemdharau. Kwa hiyo ndege ikitua, iwe Kasulu iwe Kibondo, watu waliifuata hivyo hivyo. Huko Kibondo, wa mbele alikuwa shangazi yangu Nyabenda, dada yake baba, aliyeolewa huko. Alikuwa haamini kwamba dude lile linaongozwa na mtoto aliyemfuta kamasi. Kila nikitua huyo anakuja, makofi, kichwa kakiinamisha, mbele haangalii.

Wajukuu wananichosha kwa maswali. Ndege ikizimika angani inaanguka kama jiwe? Haianguki, inateleza kwenda chini na rubani anatafuta pa kutua. Kwa nini mnatua mkiukabili upepo? Ili mwendo upungue. Ndiyo maana uwanjani kuna mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, unakuonyesha upepo unavuma kwenda wapi. Hesabu ni ngumu? Ni za kawaida: mafuta, uzito, umbali. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, jua likiwaka ndege inapanda kwa taabu, basi unapunguza mzigo. Hayo yote yanafundishika. Hakuna anayeniuliza habari za ardhini, na mimi yaliyonikuta yalinikutia ardhini.

Kibondo nilifunga kamba kando ya uwanja, nikaomba watu wasimame nyuma yake mpaka propela itulie. Shangazi nilimweleza kwa Kiha. Akaguna. "Nikusalimie kwa mbali, kwani mimi mchawi?" Lakini alitii. Kila nikitua nilimkuta nyuma ya kamba, akisubiri kwa kununa.

Ndipo akaja Bwana Mkubwa. Jina na ofisi yake siwapi. Ana watoto, nao hawana kosa. Alikuwa akizungukia vijiji, na alikuwa na haraka ya ajabu na uchu wa ajabu wa kupokewa. Alitaka kushuka huku injini inanguruma, maana injini yenye moto ukiizima ni mbishi kuwaka. Tena alitaka wananchi wamlaki mlangoni. Nikamwambia mambo hayo mawili hayakai pamoja. Safari ya kwanza tu, akaiona kamba yangu dirishani.

"Ile kamba ya nini?"

"Ya kuwakinga watu, mzee. Propela ikizunguka..."

"Unawafungia wananchi kamba kama ng'ombe? Huo ni ukoloni, kijana! Unawatenga watu na viongozi wao!"

Akaamuru iondolewe, ikaondolewa pale pale. Mkoloni mimi, mtoto wa Makere!

Safari iliyofuata tulitua ngoma zinalia. Ndege haijasimama, namwona shangazi anakuja, makofi, kichwa chini, na kundi zima nyuma yake. Bwana Mkubwa kaketi kando yangu, anawapungia. "Usizime," akasema. Nikavuta kishikio cha kukata mafuta. Injini ikakohoa, ikafa, ndege ikasimama katikati ya uwanja, kwenye tope.

"Nimesema usizime!"

"Wangekatwa, mzee."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akashuka, kiatu kikazama topeni mbele ya watu wote. Walimsalimia kwa heshima zote pale pale topeni. Shangazi akampita, akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

Haukupita muda Rubani Mkuu akaniita.

"Umemwaibisha mkubwa."

"Nimeokoa watu."

"Najua. Hata mimi ningezima." Alikuwa haniangalii usoni. "Lakini wameniambia nikuondoe, na mimi nina watoto wanasoma."

Nikahamishiwa Kigoma, mezani, kuwapangia wenzangu safari. Jamani, yule yule aliyenifundisha! Huyo ndiye niliyemkasirikia kuliko wote, maana yeye alijua. Nilimwomba jambo moja tu, kamba irudishwe. Akasema ataangalia. Hakuangalia kitu.

Aliyeshika nafasi yangu alikuwa kijana hodari sana angani, mpole mno akiwa chini. Alimpeleka Kibondo Bwana Mkubwa yule yule, akaambiwa asizime, naye hakuzima. Habari za kifo cha shangazi zilinikuta mezani Kigoma.

Msibani alitumwa afisa kuleta rambirambi. Akasimama mbele ya wafiwa akasema wananchi waelimishwe, kwamba marehemu hakujua hatari. Hakujua? Ebo! Kamba ilipokuwapo alisimama nyuma ya kamba! Nani aliitoa? Nilimuuliza hivyo mbele ya watu, kwa sauti, mpaka wajomba wakanishika wakanitoa nje. Mtu anauawa kwa amri yao, halafu kosa wanamwachia marehemu akazikwe nalo. Bwana Mkubwa aliendelea kuruka na kupokewa.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Makere. Vijana wanakuja kuniuliza wafanyeje wawe marubani. Nawaambia wasome hesabu, wapimwe macho, wajue Kiingereza cha kuongea redioni. Kisha nawauliza: mkubwa akikwambia usizime, utazima? Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Kama huwezi, njoo ulime maharage na mimi. Wazee wa kanisa wananiambia nisamehe, mambo ni ya zamani. Ya zamani kwa nani?

Yule kijana aliyeshika nafasi yangu alinifuata Kigoma baada ya maziko, analia. Akaniambia shangazi siku ile hakuelekea mlangoni kwa wageni. Alizunguka kwa mbele, upande wa rubani, akipiga makofi, akilitaja jina langu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nimeondolewa.