Kahawa na Viazi vya Mwalimu Wamucii

Mwaka wa sabini na mbili, hapa Mukurweini hapakuwa na asiyemjua Mwalimu Wamucii, na wengi walijua pia kwamba hajawa mwalimu kamili. Alifundisha darasa la tatu bila kusomea ualimu, na hesabu ya kidato cha nne ilikuwa imeshamwangusha mara moja. Mwalimu mkuu hakumung'unya maneno: akianguka tena, darasa linapewa mwenye cheti. Na vile Wamucii alivyowapenda wale watoto, jamani! Hata likizo ilimchosha.

Adui yake alikuwa swali la aina moja. Namba nne zinafuatana, kila moja imepatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa namba ile ile. Ya kwanza ni tatu, ya nne ni themanini na moja, mbili za katikati hazipo; zitafute. Kila mara Wamucii aliandika ishirini na tisa, kisha hamsini na tano. Mumewe Gatimu ndiye aliyemfundisha kupanda kahawa: kigingi huku, kigingi kule, halafu unagawa nafasi sawasawa. Naye aligawa namba vivyo hivyo, akiongeza ishirini na sita kila hatua. Mstari ulinyooka, ukapendeza, na jibu nyuma ya kitabu likamkatalia.

"Mwalimu, umepanda kahawa tena?" Gatimu alimtania alipomwona akifuta.

Wamucii alimrushia kifutio. Lakini moyoni aliogopa sana.

Mvua ya Machi ilipoanza, alishuka bondeni kupanda viazi vitamu. Hiyo kwetu ni kazi ya wanawake; mwanamume akionekana ameinama na shina la kiazi, kijiji kizima kimepata la kusema. Mbegu yake ilitoka kwa mama yake, marehemu Ngendo. Alipoolewa, mama alimtilia kiondoni mashina matatu tu, maana jua lilikuwa limemaliza shamba.

Alikata shina vipande vitatu, kama kawaida, akavichomeka. Akashika la pili, mkono ukasimama.

Msimu wa kwanza alipanda yale matatu ya mama. Je, msimu wa pili alipanda ishirini na tisa? Ebo! Angeyatoa wapi? Kila shina lilimpa matatu, yakawa tisa. Tisa yakazaa ishirini na saba. Na ishirini na saba, themanini na moja!

"Mama!" alisema kwa sauti, machozi yakamtoka palepale topeni.

Novemba, katika chumba cha mtihani mjini Nyeri, swali lilimngoja: tano, pengo, pengo, arobaini. Mkono ulitaka kupanda kahawa. Aliuzuia. Arobaini ni tano mara nane, na kutoka ya kwanza hadi ya nne kuna hatua tatu za kuzidisha. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Basi kila hatua ni mara mbili! Akaandika kumi, akaandika ishirini, akashusha pumzi.

Alipita. Lakini cheti cha ualimu kilitaka miaka miwili ya kulala chuoni, na Machi ilikuwa inarudi.

"Na mbegu ya mama yako?" jirani yake Wakonyo alimuuliza siku ya kuondoka. "Isipopandwa itapotea hivi hivi."

Wamucii aligeuka kulitazama bonde. Gatimu naye alibeba sanduku lake, akatangulia. Huko chuoni, kila mvua iliponyesha, alilala na uchungu.

Aliporudi likizo ya Pasaka, Wakonyo alimpokea njia panda akicheka mpaka akashika mbavu. "Haki ya Mungu, nenda bondeni ukamwone mume wako!"

Gatimu alikuwa ameinama, matope mpaka magotini, na wanawake wawili wanamchungulia juu ya ua. Alikuwa amepigilia kigingi huku na kigingi kule, akavuta kamba katikati, na viazi vya Ngendo vilikaa kwenye mstari kama kahawa. Wamucii hakumcheka. Alivua viatu, akashuka kumsaidia.