Pindo la Selpha

"Hizo sketi utazichoma leo, Selpha, ama nizichome mimi!" Ruqayya, muuza vifungo, alipiga meza mpaka vifungo vikaruka.

"Choma! Halafu wasichana waende shule na suruali ya bwanako?"

Mimi, kikongwe wa mtaa, nilikuwa nimekalia ndoo kibandani mwa Selpha, nikacheka.

Selpha alitoka Kakamega na cherehani kichwani. Mimi husema alikuja akishona njia nzima, na hapa Kiuu hakuna aliyenibishia. Shule inataka sketi ipite magoti. Wasichana wanataka magoti yaone dunia. Selpha akawapatanisha: alificha uzi ndani ya mshono. Ukiuvuta, sketi inapanda. Ukiuachilia karibu na geti, inashuka kama ya mtawa.

Shida ni alama. Kila fundi wa hapa hutia mishono ya rangi yake kiunoni, kwa ndani, ili nguo za wateja zisichanganyike. Uzi wa alama ya Selpha ni zambarau.

Sasa shuleni kumekuja dipti mpya, naibu wa mwalimu mkuu, Madam Kimeu. Huyo mama hunusa pindo jipya kutoka mtaa wa Kahawa Sukari, upepo ukimsaidia. Juzi alimwita msichana mmoja ofisini, akaichukua sketi yake, akaigeuza ndani nje. Hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Tangu hapo anapita kwa mafundi mmoja mmoja, anasalimia vizuri, anauliza zambarau ni ya nani. Na paredini, mbele ya shule nzima, alisema: akimpata huyo fundi, na kama ana mtoto pale shuleni, mtoto atatoka na vitabu vyake vyote.

"Na sketi ya Naliaka wako?" nikauliza. Bintiye husoma hapo hapo.

Selpha alimwangalia Ruqayya, kisha mimi. "Yake haina uzi, shosho. Ni ndefu, ya heshima kabisa."

"Nimeuliza alama."

Akakaa. "Mkono ulienda wenyewe. Nilitia alama hata ya mtoto wangu."

"Haiya!" Ruqayya akasahau ugomvi. "Chukua nyingine isiyo na alama, kimbia umbadilishie!"

"Nimwambie nini mlinzi wa geti?"

"Mwambie mtoto amechafua nguo."

"Hataamini."

"Ataamini," nikasema, maana uwongo ndio shamba langu. "Mwambie kuna ng'ombe wa Ruiru ambaye—"

Turubai ya mlangoni ikasogea. Naliaka akaingia, saa za masomo, na leso ya mtu kiunoni badala ya sketi.

"Mama," akasema, "Madam yuko hapa nje na sketi yangu. Anauliza kama aingie."