Mteremko wa Mbili

Harufu ya kabichi zilizonyeshewa mvua bado hunichosha. Kule Mgeta siku yetu ilianzia juu, nyumbani, ikateremka hadi barabarani ambako lori lilipakia mboga za kwenda Dar. Mama alitangulia na kiroba kichwani, nami nikafuata na changu, vidole vya miguu vikishika udongo nisiteleze. Kisha yeye alirudi kuchukua vingine, mimi nikaenda shule, hoi kabla kengele haijalia. Mama alipenda kusema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na hakuwa akitania. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa hisabati, kijana wa mjini, alipotufundisha kuchora mistari iliyonyooka. Alitupa nukta ya kuanzia na mteremko. Mteremko wa mbili, alisema, ni hatua moja kulia, mbili juu. Weka nukta nyingine hapo, unganisha kwa rula. Kwa wenzangu ilikuwa kazi rahisi kama kumsukuma mlevi. Mimi nilikwenda hatua moja kulia, nikashuka mbili, bila hata kufikiri. Daftari zima lilikuwa linaporomoka.

"Mbona wewe kila safari unashuka?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, kwetu ukitoka nyumbani unashuka."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. "Sawa, shuka," alisema. "Ila ukishuka mbili, nenda kushoto moja, siyo kulia. Utabaki kwenye mstari uleule." Nikajaribu, nukta ikakaa palepale mstarini. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama mdogo, aliyeishi Morogoro Mjini, alikuwa ameahidi kunichukua nikasome huko nikifaulu mtihani wa kidato cha pili. Mama naye aliniambia, kwa upole, "Ukifeli usilie, mwanangu. Tutabeba wote." Nikifaulu, angebeba peke yake. Nilijua hivyo nilipokuwa nachonga penseli, na nilijua vilevile nilipouchora mstari wa mtihani ukipanda, sawasawa kama nilivyofundishwa. Nilifaulu. Asubuhi niliyoondoka, mama alinisindikiza hadi barabarani na viroba viwili, changu amekifunga juu ya chake.

Leo nafundisha hisabati hapa mjini, na mama anaishi nami, mahali tambarare. Hatembei bila kushika ukuta. Wanafunzi wangu wanachora grafu vizuri, na wengi hawajawahi kubeba kitu kizito kuliko begi la shule. Nawaonea wivu kidogo, nakiri. Nikitoka kazini namkanda mama magoti kwa maji ya moto, naye huniuliza kama nimekula. Miaka yote hii hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu, labda ningepumzika.