Masika ya Kutupa Mimba

Maziwa ya mbuzi yakianza kupata moto hutoa harufu nzito ya manyoya na majani. Asubuhi hii jirani yangu hapa Olasiti alikuwa akiyachemsha, nami kwa mawazo nikajikuta Oldonyo Sambu, kwenye zizi letu la utotoni.

Masika ile mbuzi wetu walitupa mimba mmoja baada ya mwingine. Mama, naye akiwa mjamzito, ndiye aliyewasaidia kwa mikono mitupu. Vitoto vilitoka vimekufa, vinateleza kama sabuni.

"Hata kwangu wanatupa," baba mdogo alisema. "Mbuzi, kondoo, kila boma ni hivyo hivyo."

Kwa kuwa tatizo lilikuwa la wote, hakuna aliyeogopa.

Kisha mama akashikwa na homa. Jioni alitetemeka, asubuhi akaamka ameloa jasho, viungo vikimuuma. Alimeza dawa za malaria, homa ikatulia, ikarudi. Mchana mmoja nilimkuta ameketi mlangoni pa zizi, kanga imelowa damu.

"Kamwite bibi," akaniambia taratibu. "Usikimbie, utaanguka."

Mtoto hakupona.

Baadaye bwana mifugo, aliyekuwa amewapima mbuzi damu, alirudi na majibu.

"Ni ugonjwa wa kutupa mimba. Umeenea huku kote."

"Unaambukiza na watu?" mama akauliza.

Akainama. "Na watu, mama."

Mama akamkaribisha chai. Mgeni alipoondoka, mama akatoa sweta ndogo aliyokuwa amemfumia mtoto, akampelekea mke wa baba mdogo, aliyekaribia kujifungua. Baridi ilipoingia, niliiona ikipita njiani, imevaliwa na mtoto mgongoni kwa mama mwingine; wa mke wa baba mdogo naye hakupona.