Povu Mahali Tunapochota Maji

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu, na povu jeupe likaanza kuonekana kwenye kijito chetu, upande wa Dabani, mahali tunapochota maji.

"Leo tunachota maziwa," jirani yetu alisema akicheka.

"Maziwa ya ng'ombe aliyekufa," mama alimjibu. Wote wakageuka kutazama juu, kwenye banda la mzee wa ngozi.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu, mgeni kwetu. Alikuja na mke na watoto, akawa ananunua ngozi kwa wachinjaji, anaziosha na kuzikausha, kisha zinapelekwa mjini Tororo. Alikuwa amechimba mashimo matatu kati ya banda na kijito, akayazungushia miiba. Hakumwambia mtu ni ya nini. Kwetu mtu hachimbi shimo bila majirani kujua, maana shimo ni la choo au la maiti. Mama alisema lazima anapitisha uchafu chini ya ardhi. Niliamini. Kila nilipopita karibu na miiba ile nilibana pumzi.

Mtongole, mkuu wa kijiji chetu, akatangaza baraza la Jumamosi. Mzee akishindwa kujieleza, atabomoa banda na kuondoka na watu wake.

Alhamisi nilikwenda kumkamata. Sikumwambia mtu, mimi si msichana wa maneno mengi. Nilipenya kwenye miiba na kibuyu changu. Shimo la kwanza lilikuwa na maji mekundu yanayonuka. La pili lilijaa mchanga na makaa. La tatu lilipandwa mafunjo, na maji yake yalikuwa maangavu hadi chini. Nilikuwa bado nimeinama mzee aliponikuta.

"Binti, umepoteza mbuzi?"

Nilificha kibuyu nyuma yangu.

"Au mama yako amekutuma uhesabu maiti zangu? Haya, tazama vizuri. Bwana afya ndiye aliyenionyesha. Maji ya ngozi yanapita hapa, halafu hapa, halafu pale. Yakifika kijitoni yamekwisha kuchujwa."

Sikumwamini. Bwana afya hakuwapo nimwulize. Nikaona heri nilifuate povu lenyewe. Niliingia kijitoni, mzee ananitazama, nikapanda na mkondo hadi kulipita banda lake, pasipo na ngozi wala shimo. Povu lilikuwapo. Nikaendelea, nalo likazidi. Kwenye kona ya juu nikakuta magunia yamelazwa majini, yamekandamizwa kwa mawe.

Niliyajua magunia yale. Moja nililishona mwenyewe. Ilikuwa mihogo yetu michungu, tunayoimenya na kuiloweka siku tatu ili uchungu utoke. Miaka yote tuliiloweka kwenye kinamasi, upande wa chini wa mahali pa kuchotea. Kiangazi kile kinamasi kilikauka, na wanawake wakahamia kona ile. Tulifika huko kwa njia ya mashambani, kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba ni kijito kilekile.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo bila kumwambia mtu.

Jumamosi mzee alieleza habari za mashimo yake, kofia ikiwa mkononi.

"Bwana afya wako yuko wapi? Mfukoni?" mtu mmoja alimkejeli, na watu wakacheka.

Mke wake alisimama pembeni, mizigo imekwisha kufungwa. Nilipoiona ile mizigo nikainuka.

"Povu ni la mihogo," nilisema. "Magunia ni yetu. Yako kona ya juu."

Mtongole alituma wanaume wawili. Wakarudi na gunia linalochuruzika, povu limewajaa mikononi. Hakuna aliyemwomba mzee radhi. Mtongole aliamuru magunia yatolewe siku ileile, mihogo ilowekwe kwenye mitungi nyumbani na maji yake yamwagwe mbali na kijito. Mzee akaambiwa abaki. Mke wake akaanza kufungua mizigo.

Tulipokuwa tunarudi, mama alitangulia na gunia kichwani, maji yakimtiririka mgongoni. Kwenye njia panda akasimama.

"Sema kweli. Yule mzee alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, mama."

"Alhamisi ulionekana ndani ya miiba yake."

Alinitazama mikono, kisha fundo la leso yangu.

"Fungua."

Nikafungua. Hamkuwa na kitu. Nikanyoosha mikono nimpokee gunia, akanipita bila kunipa.