Mbwa wa Msasi na Sinia la Hitima

Silima Kombo, msaidizi wa daktari wa mifugo Chake Chake, alikuwa na sharti moja: mnyama aliyepasuliwa mbele yake hamwachi mpaka akanyage mwenyewe.

Mwaka 1959 sharti hilo lilimletea mbwa. Alikuwa wa mtu aitwaye Safari, msasi, yaani mwindaji, wa Vitongoji, na kano ya goti ilimkatika akifukuza nguruwe waliokuwa wakila mihogo ya watu. Daktari aliyekuja kutoka Unguja alikata ukanda wa utando wa paja, akaupenyeza kwenye mifupa ya goti ushike pahala pa kano, kisha akaondoka. Mbwa hakutakiwa kukimbia mpaka goti likaze, kwa hivyo Silima alimweka bandani nyuma ya nyumba yake. Kila alipolambwa alijikosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya dini isemavyo.

Siku moja palikuwa na hitima kijijini, na baada ya kisomo cha kumwombea marehemu alikaa kwenye sinia la wali na wenzake. Abrahman, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu utoto, akazuia tonge.

"Leo umemshika mgonjwa wako?"

"Nimemshika. Na nimekosha mara saba."

"Basi sie twangoja ya nane."

Watu wakacheka, wakahamia sinia jingine, na wenye mihogo ile wakiwamo.

Sheria imeeleza namna ya kujitoharisha. Haikusema aliyejitoharisha akimbiwe. Silima angeweza kumrudisha mbwa kwa Safari jioni ile, goti likaharibika, naye akasamehewa na wenzake. Hakumrudisha. Mbwa alipona, akarudi kuwinda. Lakini wenzake hawakurudi kwenye sinia lake, na Silima alikula peke yake mpaka uzeeni.